Boksi Lisilojaribiwa

Ndugu msomaji, mwezi Juni mwaka 2023 mama yangu mzazi, aishiye Ifakara, aliniomba jambo dogo: bilauri sita za kuwakirimu wageni watakaoleta posa ya mdogo wangu. Nilizinunua hapa Dar es Salaam, nikaifunga kila moja kwa karatasi ya gazeti, na juu ya boksi nikaandika kwa wino mwekundu: VIOO, ANGALIA. Nikalipia mzigo kwenye basi, nikarudi kazini moyo ukiwa umetulia.

Boksi lilifika na bilauri moja nzima. Mama hakunilaumu, aliazima vikombe kwa majirani, navyo havikufanana. Mimi niliwalaumu wapakiaji kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Juma lililofuata, basi lile lile liliniletea ndoo kutoka kwa mama. Ndani mlikuwa na mayai 30 yaliyozikwa katika pumba za mpunga. Hata moja halikupata ufa. Hapo nikatahayari. Mimi niliukabidhi mzigo wangu kwa huruma za watu. Mama aliukabidhi wake kwa pumba.

Wenye viwanda hawategemei huruma. Katika mojawapo ya taratibu za Chama cha Kimataifa cha Usafirishaji Salama (ISTA), boksi lisilofika kilo 10 hutikiswa kwa mashine, kisha huangushwa mara 10 kutoka sentimita 76, yaani kimo cha meza ya chakula: mara moja kwa pembe, mara tatu kwa kingo zinazokutana penye pembe hiyo, na mara sita kwa pande zake zote. Maboksi mazito huangushwa kutoka chini zaidi, maana mzigo mwepesi ndio unaorushwarushwa.

Siri ya pumba ni hii. Kitu kilichoanguka sentimita 76 kikalazimika kusimama ndani ya sentimita 1, hupata kishindo cha wastani kinachofikia mara 77 ya uzito wake. Kikipewa sentimita 4 za kudidimia, kishindo hicho hushuka hadi mara 20. Bilauri zangu zilikuwa na karatasi nyembamba tu, tena na nafasi ya kugongana zenyewe kwa zenyewe.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kumtumia mzazi wako chombo cha kuvunjika, funga kwanza kikombe kikuukuu vile vile utakavyofunga kile kipya. Litikise boksi, ukisikia kitu kinacheza, lifungue ujaze upya. Kisha liangushe kutoka mezani, pembe, kingo na pande zote.

Mimi nilifanya hivyo mwezi Septemba, nikapoteza vikombe viwili vibovu kabla ya kufaulu. Bilauri sita mpya zilifika Ifakara salama, na siku ya harusi mama hakubisha hodi kwa jirani kuazima chochote.