Tulimkimbia Mgonjwa Wetu

Leo tunataka kuungama kosa letu, ili lisiwe kosa lenu pia.

Katika shirika letu kuna seremala mmoja, mtu mpole, aliyependa watoto na kuheshimu wazee. Siku moja alianguka na pikipiki, paji la uso likapiga jiwe. Alilala siku nyingi hospitalini, nasi tulisali rozari kwa ajili yake kila jioni. Mungu alitusikiliza: jeraha likapona, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Tukashukuru.

Lakini mtu aliyerudi hakuwa yule tuliyemzoea. Alitukana wazee mbele ya watu. Alicheka kwenye matanga. Kwa neno dogo aliwaka kama majani makavu. Wengine wetu walisema amelogwa. Wengine walisema ni kiburi, aende kwanza kwenye kitubio. Polepole tukaacha kumtembelea. Ndipo mke wake akatuambia: «Alipolala, mulimwombea. Sasa amesimama, mumemkimbia.» Neno hilo lilituchoma moyo.

Tukaenda kumwuliza daktari. Akatueleza hivi: Ndani sana ya ubongo kuna sehemu ndogo, mfano wa punje ya lozi, iitwayo amigdala. Kazi yake moja kubwa ni kutambua hatari na kuamsha woga au hasira upesi, kama mlinzi apigaye kelele usiku. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu nyingine, iliyo kama mzee wa baraza: hupima neno, hukumbuka adabu, humwambia mlinzi, «Nyamaza, huyu si adui.» Kati yao zimo nyuzi nyembamba sana, zipelekazo habari huku na huku. Mzee akiumizwa, au nyuzi zikikatika, mlinzi hupiga kelele na hakuna wa kumtuliza.

Kisha akatusimulia habari za Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya reli katika Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish, Vermont, baruti ililipuka. Chuma chenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi kilipita chini ya shavu lake la kushoto, kikatokea juu ya kichwa. Hakufa. Aliweza kusema na kutembea. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kwamba mtu huyo, aliyesifiwa zamani kwa kazi na busara, aligeuka kuwa mwenye matusi, asiye na subira wala kujali wenzake. Waajiri wake hawakumrudishia kazi yake. Walakini sikilizeni mwisho: Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kazi yenye saa zake na utaratibu wake. Wataalamu wengine wanaona kwamba utaratibu huo ulimsaidia kujirekebisha. Alikufa mwaka 1860.

Je, mtu ni nyama tu, hana roho? Sivyo. Ngozi ya ngoma ikipasuka, hata mpigaji hodari hatatoa sauti nzuri. Wala hatusemi kwamba mpigaji hayupo. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1735, yafundisha kwamba lawama ya tendo yaweza kupunguzwa, hata kuondolewa, kwa sababu ya woga, mazoea na mambo mengine ya nafsi. Lakini sisi wenye vichwa vizima tusijifiche nyuma ya fundisho hilo. Hasira yetu tutaitolea hesabu. Na kumkimbia kwetu vilevile.

Sasa kila asubuhi, saa ile ile, kaka yake humpa mbao za kupiga randa. Katika misa mmoja wetu huketi kando yake; akianza kuwaka, hutoka naye polepole mpaka chini ya mwembe. Siku nyingine bado hututukana. Nasi kesho yake twabisha hodi tena.

Wapenzi, pengine yupo mtu wa namna hii karibu nanyi. Msingoje awe mpole kwanza. Mwendeeni, maana Yezu anawangoja katika nyumba hiyo.