Kufuli Lisilo na Springi

Mwaka 1989, kule Tanga, ufunguo wa stoo ya mama ulitumbukia kisimani. Nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la shati, na nilipoinama kuvuta ndoo fundo likalegea. Sikupigwa, maana unga wote ulikuwa stoo na ulihitajika kabla ya saa sita. Nikakimbizwa Ngamiani kumwita mzee mchonga funguo, aliyekuwa na jiliwa lake dogo chini ya mwembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kufuli gani?"

Sikujua kama makufuli yana majina. Nikamwambia kubwa. Akacheka, akachukua kopo lake, tukaondoka.

Ndani ya kopo mlikuwa na spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha na ukanda mwembamba wa chuma. Nikajisogeza nione anavyofanya. "Macho hayana kazi hapa, mjukuu wangu," akasema, na kweli yeye mwenyewe alikuwa akitazama kuku wa jirani. Kufuli likafunguka huku bado anawatazama. Mama akalipa, akanuna kutwa nzima. Si kwa sababu ya fedha. Ilimuuma kwamba kazi ilikuwa nyepesi vile.

Mimi sikulifikiria tena jambo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipohamia Dar es Salaam na kuanza kuandika vitabu vya hesabu kwa wakala mmoja wa forodha, nilinunua makufuli kama watu wote wanavyonunua: unalipima mkononi, likiwa zito unalipa. Hadi siku nilipoona video ya mtu akifungua kufuli kama langu kwa vipande viwili vya chuma. Nilivunja waipa kuukuu ya gari, nikatoa ule ukanda wa chuma ulio ndani ya mpira, nikaupinda ncha kwa koleo. Kipande cha pili nilikikata kwenye msumeno wa chuma, nikakipiga tupa jioni mbili.

Wiki ya kwanza nilishindwa kwa sababu ya nguvu. Mgeni wa kazi hii hukandamiza kama anafungua nati, kumbe silinda inataka uzito wa kufunulia ukurasa wa msahafu. Nilipolegeza mkono, kufuli la shaba la sanduku langu likafunguka. Nikaenda dukani nikanunua zito zaidi. Nalo likafunguka. Niliona nimekuwa nikinunua shaba kwa kilo.

Siri yenyewe ni ya zamani. Linus Yale Mdogo, Mmarekani, aliisajili silinda yake yenye vipini na springi mwaka 1865, naye aliliboresha wazo ambalo Wamisri wa kale walikuwa wakilitumia kwa mbao. Ufunguo ukiingia, kila kipini husimama kwenye urefu wake na silinda inazunguka. Lakini hakuna mashine inayotoboa matundu yakakaa kwenye mstari mmoja kamili. Ukiisukuma silinda kidogo, kipini kimoja hubanwa kabla ya wenzake. Ukikipandisha hicho, kinakuja kubanwa kingine. Na springi inakusaidia: inarudisha kidole, inakuambia kipini gani kimekaa na kipi bado.

Wapenzi wa mchezo huu, na wapo wengi hasa Ujerumani, Uholanzi na Marekani, wana masharti mawili ambayo niliyashika tangu mwanzo: fungua kufuli lako tu, na usiguse kufuli lililo kazini mlangoni. Mama watoto aliongeza la tatu. "Baba watoto, usifanyie barazani. Watu watasema." Nikahamia jikoni.

Huko jikoni ndiko lilikoingia kufuli la Abloy. Nililipata eneo la Gerezani kwa wauza vyuma chakavu, la chuma kigumu, limechubuka, na ufunguo wake mmoja wenye umbo la nusu duara. Makufuli ya namna hii nilikuwa nimeyaona kwenye makontena bila kujua ni kitu gani. Yametokana na kazi ya fundi wa Kifini, Emil Henriksson, aliyebuni mtindo wake mwaka 1907. Jina lenyewe limefupishwa kutoka Ab Lukko Oy, na lukko kwa Kifini ni kufuli.

Nililifungua kwa ufunguo wake, nikatoa silinda, nikamwaga vilivyomo kwenye sinia la alumini. Hakuna kipini. Hakuna springi hata moja. Ni visahani kumi na kimoja, kila kimoja na tundu la nusu duara katikati na pengo dogo ukingoni. Ufunguo huvizungusha visahani, kila kimoja kwa pembe yake, hadi mapengo yote yajipange na kuwa mfereji mmoja. Hapo kijiti cha chuma kilicho pembeni kinatumbukia mferejini na silinda inaachiwa izunguke.

Mtoto akapita akikimbia, akaligonga sinia, mpangilio wote ukavurugika. Nikavirudisha kwa kubahatisha, ufunguo ukagoma. Nilikaa hadi saa sita usiku nikivivisha visahani kwenye ufunguo kimoja kimoja, nikibadilisha hiki na kile, mpaka mfereji ukanyooka. Ilikuwa kama kutafuta kosa la senti tano kwenye leja, na hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

Kulifungua bila ufunguo kulikuwa jambo lingine. Kufuli la springi hukujibu. Hili halijibu. Kisahani ukikizungusha kinabaki pale ulipokiacha, kimya. Baadhi ya visahani vina mapengo ya uongo, mafupi. Kijiti kinashuka kidogo, moyo unaruka, kisha hakuna kitu. Ujuzi wangu wote ukawa haunisaidii. Nikatengeneza kifaa kipya, cha sehemu mbili, na nikafungua daftari: namba ya kisahani, kinabana au kinacheza, nimekifikisha wapi. Nilipochoka nilimkumbuka Alfred Charles Hobbs, Mmarekani aliyelifungua kufuli la kampuni ya Bramah mjini London mwaka 1851. Lilikuwa limekaa miongo kadhaa dirishani mwa duka lao na zawadi ya gini 200 kwa atakayelishinda. Lilimchukua saa 51, akizigawa kwa siku 16.

Mimi ilinichukua miezi saba. Lilifunguka Jumapili asubuhi nikisubiri uji. Hakukuwa na mlio wa maana. Mama watoto akageuka na mwiko mkononi.

"Ndiyo hivyo tu?"

Ndiyo hivyo tu. Nikalifunga ili nimwonyeshe tena, na mara ya pili ilinichukua wiki tano.

Mwaka uliofuata nililipeleka Tanga. Chumvi ya bahari ilikuwa inamlia mama springi za makufuli yake, naye huyatia mafuta ya nazi ambayo hushika vumbi na kuganda. Hili lisilo na springi nililiona lake kabisa. Akalipima mkononi. "Zito," akasema, ameridhika. Nilianza kumweleza habari za visahani, akaniambia atanisikiliza baadaye, akaenda kulifunga kwenye mlango uleule wa stoo.

Nikalivuta kidogo kujaribu. Tumbuu ikachomoka na misumari yake miwili na kipande cha ubao kilicholiwa na mchwa. Nikabaki nimeshika kufuli, limefungwa vizuri kabisa, linaning'inia na tumbuu yake, mlango ukiwa wazi nyuma yake.

"Hebu usiniharibie kufuli langu," mama akasema, akanituma dukani nikanunue misumari mirefu.