Saa 8 Usiku, Ngarambe

Nilikuwa na barua mbili za ajira, zote zinataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ya kwanza ilitoka kwenye kampuni moja ya Dar es Salaam iliyotaka niendelee na kazi niliyoisomea, kuandika programu. Ya pili ilinitaka niwe testa, mtu wa kupima programu zilizoandikwa na wengine na kuzitafutia kasoro kabla hazijamfikia mtumiaji. Mishahara haikupishana sana. Kilichopishana ni heshima. Kwa watu wa fani yetu developa, yaani mwandika programu, ndiye fundi, testa ni msaidizi. Marafiki walinionya kwamba ukishaingia kwenye upimaji hutoki: mikono inasahau kuandika, na miaka ikipita hakuna anayekuita tena mwandika programu. Kampuni nyingi ndogo hapa nchini hata haziajiri testa. Aliyeandika hujipimia mwenyewe, halafu wateja ndio wanaomalizia kazi. Waliotoa barua ya pili hawakubishana nami. Walisema tu: kabla hujakataa, nenda Ngarambe na mwenzetu ukaone.

Ngarambe nilikuwa naijua tangu shule, kwenye somo la historia. Ndiko alikoishi Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji yaliyoaminika kuzuia risasi kabla ya Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, vilivyoanza 1905. Lakini kwangu lilikuwa jina la kukariri kwa ajili ya mtihani. Haikuwahi kunijia akilini kwamba ni mahali mtu anaweza kupanda gari akaenda.

Tuliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri, mimi na dada mmoja mpimaji, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi. Upande wa kusini nilikuwa sijawahi kuvuka Mkuranga, kwa hiyo niliganda dirishani. Kibiti vijana walilizingira basi na vifuko vya korosho za kukaanga. Ikwiriri vitanda na makabati vilipangwa kando ya barabara, na harufu ya mbao mbichi ikaingia hadi ndani. Halafu ukaja mto wenyewe. Mimi nimekua na Mto Msimbazi wa Dar, ambao kiangazi mtu anauvuka bila kuvua viatu. Rufiji ilininyamazisha: maji ya rangi ya udongo, mapana, yenye visiwa vya mchanga katikati, na Daraja la Mkapa linalokaribia kilomita nzima kwa urefu. Lilifunguliwa 2003. Mama aliyekaa karibu nami aliniambia habari za pantoni ya zamani pale Ndundu, jinsi mvua zilivyowalaza watu ng'ambo na mizigo yao. "Nyie watoto wa juzi mnapita tu," alisema, akanimegea kipande cha muhogo wa kuchoma. Akanionyesha pia upande ambao mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba.

Baada ya daraja tuliachana na lami, tukapanda pikipiki. Hapo ndipo nilipokutana na mbung'o kwa mara ya kwanza. Anauma juu ya shati, na ukimpiga kofi haanguki. Dereva alisimama mahali fulani akanionyesha kinyesi cha tembo katikati ya njia, kibichi bado. Nilikishangaa kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Msitu ule unakwenda kuungana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, na kati ya tembo na mashamba ya watu hakuna uzio.

Programu tuliyoipeleka ilihusu jambo hilohilo. Tembo akila shamba, mkulima anaweza kuomba kifuta jasho serikalini. Mtu akijeruhiwa au kuuawa, kinaitwa kifuta machozi. Si fidia. Ni mkono wa pole, na kwa mazao kanuni za 2011 ziliuwekea kikomo cha ekari 5, hata kama zimeliwa 10. Kwa karatasi maombi huchukua muda mrefu mno kufika yanakokwenda. Kwa simu, mtendaji wa kijiji angejaza fomu siku ileile na kupiga picha, basi. Niliiangalia njiani nikaiona ni kazi safi. Ningejivunia kuiandika.

Ofisini kwa mtendaji tuliamkia, tukaandika majina kwenye kitabu cha wageni, tukangoja. Akaja mzee mmoja ambaye mahindi yake yalikuwa yameliwa usiku wa kuamkia jana. Nilitarajia mwenzangu atoe maelezo. Hakutoa. Alimkabidhi mtendaji simu, akavuta kiti pembeni, akafungua daftari, akanyamaza. Ukimya ule ulinitesa. Kidole cha mtendaji kilipotangatanga juu ya kioo nilitamani kuruka nimwonyeshe, na kila mara yule dada alinizuia kwa jicho.

Kumbe ndani ya ukimya ule kulikuwa na mambo mengi. Programu ililazimisha namba ya simu ya mwombaji. Mzee hana simu. Ilitaka zao moja; shamba lake lina mahindi, kunde na mikorosho michanga pamoja. Ilitaka ukubwa kwa mita za mraba; mzee akajibu, kama anavyojibu mkulima yeyote, kwamba lile ni shamba la hatua 70 kwa 70. Nje, juani, kioo hakikusomeka, na mtendaji akalazimika kujifunika kanga kichwani ili aone alichoandika.

Halafu likaja swali la saa ya tukio. "Babu, waliingia saa ngapi?" Mzee akajibu bila kusita: "Saa nane usiku. Nilikuwa macho." Mtendaji akaandika 8, akachagua usiku. Programu ikapokea, ikahifadhi saa 20:00.

Nilisoma tarakimu zile mara kadhaa kabla sijaelewa. Saa 20:00 ni saa 2 usiku. Mzee alikuwa amesogezwa saa 6 nyuma, na hakuna pale aliyeona, kwa sababu kila mmoja alifanya sawasawa. Mzee alihesabu saa kama tunavyohesabu wote, mtendaji akaandika alichosikia, na programu ikafuata saa ya kizungu iliyofundishwa. Mwenzangu akafungua upande wa pili wa mfumo, unaoonwa na wakubwa mjini. Askari wa wanyamapori wa kijiji waliokwenda kuwafukuza tembo wale kwa fataki walikuwa na simu inayojiandikia saa yenyewe: 2:17, yaani saa 8 na dakika 17 usiku. Programu ikalinganisha taarifa mbili, ikaona zinatofautiana, ikaweka alama nyekundu kwenye jina la mzee: maelezo yanapingana.

Mwandishi wa programu ile ni Mtanzania, naye saa 8 usiku anaijua kama mimi. Lakini aliandikia ofisini, akajaribia ofisini, na mezani tarakimu hukaa kimya. Nilihisi baridi. Nilikumbuka kisa cha Uingereza, ambako mwaka 1999 shirika la posta lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo, na kompyuta ikaaminiwa kuliko watu. Wasimamizi wa posta ndogondogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Mwaka 2024 Bunge la huko lilitunga sheria ya kufuta hukumu zile, baadhi ya wahusika wakiwa wameshakufa. Nilikuwa nimekisoma kisa kile kama habari ya mbali. Sasa niliketi mbele ya mzee aliyeamkiwa kwa heshima na kijiji kizima, huku mashine ikiwa imeshaanza kumwita mwongo.

Mzee aliniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikamwambia: babu, fundi akimaliza kuchonga mtumbwi kuna anayeutia majini kwanza aone panapovuja, kabla hajapakia watu. Mimi nimeitiwa kazi hiyo. "Na fundi anakubali kuambiwa panavuja?" akauliza. Sikuwa na jibu, kwa maana hilo ndilo swali lenyewe.

Usiku nililala kwenye dungu shambani, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, unapandia ngazi. Walinzi walichoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha tembo, moshi ukanikaba koo. Mara tukasikia matawi yanavunjika, mbali, halafu si mbali. Madebe yakapigwa kutoka dungu hadi dungu, watu wakipiga kelele kwa zamu. Sikumwona tembo hata mmoja, lakini sakafu ya miti ilitetemeka chini ya mgongo wangu. Nikaelewa kwa nini mzee hakusita kuitaja saa. Usiku wa namna hiyo mtu anaihesabu kila saa.

Asubuhi, tukinywa chai ya tangawizi, mzee alizungumza habari za Kinjikitile bila mimi kuuliza. Nilitarajia habari za maji na risasi. Yeye alisisitiza jambo jingine: watu walimiminika hapa kutoka mbali, wakachukua maji, wakaambiwa warudi makwao wasubiri amri. Watu wa Umatumbi hawakusubiri. Julai 1905 waling'oa pamba ya kulazimishwa kule Nandete, na moto ukawaka. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile, vita vyenyewe vikiwa bado vichanga. Vilidumu hadi 1907, na waliokufa, wengi kwa njaa, Wajerumani waliwakadiria 75,000; wapo wanahistoria wanaofikisha 300,000. Sithubutu kuweka msiba ule kwenye mizani moja na fomu ya simu. Lakini neno la mzee, "aliwaambia wasubiri", lilinibaki. Nikawaza ofisi zetu za Dar: siku ya kuzindua imetangazwa, mabango yamechapwa. Nani pale ana mamlaka ya kusema subirini, na asikilizwe?

Nilipanda kwenye kichuguu ambako mtandao unashika, nikaandika jibu. Nilikubali kazi ya upimaji. Niliomba wakati wangu mwingi nitumie kuandika majaribio yanayojiendesha yenyewe, ambayo nayo ni programu, ili mkono wangu usilale. Niliomba pia kwamba testa akisema toleo haliko tayari, lisitoke mpaka apewe jibu la maandishi, na kwamba hakuna toleo litakalotoka kabla halijashikwa na mtu wa kijijini. Walikubali la kwanza siku hiyohiyo. La pili walilijadili kwa wiki nzima, wakalikubali. La tatu wanasema inategemea bajeti, na bado tunavutana. Nimepoteza kitu pia, sitaki kuficha. Raha ya kuona kitu kimeinuka kwa mikono yako, kutoka faili tupu, sijapata mbadala wake.

Toleo jipya sasa linauliza kwanza kama ilikuwa alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa kwa Kiswahili, na lenyewe ndilo linalogeuza. Alama nyekundu ya mzee imefutwa. Nililijaribu toleo hilo kwa kila saa ya mchana na ya usiku. Zote zilikaa sawa isipokuwa saa 12, ambayo ukisema ni ya asubuhi inahifadhiwa kama jioni. Nimeiandika kwenye orodha na jina langu mbele yake, na toleo halijatoka.