Mpelelezi wa Mbezi Beach

Anayekwenda Mbezi Beach kwa mara ya kwanza na aulize vizuri, maana Mbezi ziko mbili. Ile ya Kimara iko Barabara ya Morogoro, mbali kabisa. Hii iko Barabara ya Bagamoyo: ukitoka Mwenge unapita Lugalo, kisha Tangi Bovu, baadaye kondakta anaita Africana. Ukishuka na kuelekea baharini unakuta kuta ndefu na mageti ya chuma. Yaliyo ndani huyajui mpaka ukaribishwe.

Tulikwenda huko Jumamosi moja, akina mama sita na vitambaa vyetu vya kufuma, kumtembelea mwenzetu. Binti yake alikuwa akisoma riwaya ya Kiingereza ya mapenzi, ya zile zinazosimulia miaka ya 1811 hadi 1820, mwana wa mfalme alipotawala Uingereza kwa niaba ya baba yake mgonjwa, George wa Tatu. Ndiyo miaka vitabu vya Jane Austen vilipotoka. Humo bibi mmoja, asiye polisi wala hakuajiriwa na mtu, anatafuta wosia uliopotea, na njiani anapata mchumba.

Tukaanza kuwataja wapelelezi wetu: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mbona wote wanaume?

Jirani mmoja akatua sindano yake. Yeye aliwahi kuona vijana wawili wakipiga picha nyumba yake. Wakasema wametumwa na benki. Hakumpigia mumewe kelele. Alifungua sanduku, hati hakuikuta. Kesho yake akachukua cheti cha ndoa, akaenda benki, akaomba kuonyeshwa karatasi ya ridhaa ya mke. Sahihi ilikuwepo, ila jina lake lilikuwa limekosewa herufi moja! Mkopo ukasimama. Nyumbani maneno yalikuwa mengi, lakini mume alikiri madeni ya biashara, wakayalipa pamoja kidogo kidogo. Bado wanaishi wote.

Bibi wa riwaya akiolewa, mali yake ilikuwa hatarini kuwa ya mume. Sheria ya kwao ilibadilika vizuri mwaka 1882. Kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mama wa nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Haya, mama, yajue kabla hujajifunza kupamba keki.

Tukaulizana: hati ya nyumba yenu iko wapi? Wawili tu walijibu upesi. Mwenyeji wetu alisema yao imo kabatini, chumbani. Ufunguo, akaongeza taratibu, anao baba.