Maji Yalikuwamo

Mchochea moto aliyefukuzwa kazi kwa madai kwamba aliiacha boila ikauke hakuiacha ikauke. Maji yalikuwamo, na kioo cha kupimia maji kilionyesha nusu. Kilicholiharibu tanuri ni mafuta, na mafuta hayo niliyapitisha mimi kwa mkono wangu, nikijua yanakokwenda. Nimelibeba jambo hili tangu nikiwa fundi msaidizi mpaka nimestaafu, na leo nalisema lote.

Kiwanda kilikuwa kidogo, cha sukari, chakavu hata kwa wakati ule. Kinu cha kukamulia miwa kiliendeshwa na injini ya mvuke yenye silinda moja, na mvuke ulitoka kwenye boila mbili za Lancashire. Boila ya namna hiyo ni pipa kubwa la chuma lililolazwa, ndani yake mna matanuri mawili ya mviringo yanayopita kutoka mbele hadi nyuma: moto ndani ya tanuri, maji nje yake. William Fairbairn wa Manchester aliipatia hataza mwaka 1844, na imedumu kwa sababu haina mambo mengi na inavumilia maji machafu, tope, hata mikono isiyo na ujuzi. Mafuta haiyavumilii.

Wengi hudhani mvuke ukishaisukuma pistoni umekwisha. Sivyo. Injini kama yetu huchukua sehemu ndogo tu ya joto la mvuke, chini ya moja ya kumi, na joto lililobaki linatoka nao kwenye ekzosi. Kilo moja ya mvuke huo ikigeuka maji kwenye nyuzi 100 hutoa takriban kilojuli 2,257, zinazotosha kupasha zaidi ya kilo saba za maji kutoka nyuzi 25 hadi 95. Na kila nyuzi sita unazoyaongezea maji kabla hayajaingia kwenye boila zinakuokolea karibu asilimia moja ya moto. Kwa hiyo hita yetu ya maji, ambamo mvuke wa ekzosi ulikutana na maji ya boila ana kwa ana, ilituokolea zaidi ya sehemu moja ya kumi ya makapi ya miwa tuliyoyachoma. Msimu ambao makapi hayatoshi na kuni zinanunuliwa kwa lori, hiyo ni fedha nyingi. Tena maji ya moto huacha oksijeni yake palepale kwenye hita, haifiki kuitoboa boila kwa kutu. Ni mpango mzuri sana, na mpaka leo naupenda.

Lakini mvuke wa ekzosi hautoki peke yake. Pistoni haiwezi kutembea kavu. Pembeni mwa injini kulikuwa na kioo kidogo kilichojaa maji, na ndani yake tone la oili lilichomoka kwenye tundu la chini, likapanda polepole, likaingia kwenye bomba la mvuke kwenda silinda. Ukilegeza skrubu kidogo, matone yanafuatana haraka. Oili yenyewe ilikuwa nzito, imechanganywa na shahamu ya mnyama ili ing'ang'anie chuma chenye unyevu. Shahamu hiyo ndiyo pia inayoifanya igome kuachana na maji: inavunjika chembe ndogo mno, zinaning'inia ndani ya maji, haziji juu wala haziendi chini. Kila tone linaloingia kwenye silinda litatoka na ekzosi, na usipolizuia njiani litafika kwenye boila.

Sisi tulikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza ni kitenganishi, sanduku la chuma cha kutupwa lililokaa kwenye bomba la ekzosi kabla ya hita. Ndani yake mabamba yamepishana, mvuke unalazimika kugeuka ghafla, matone mazito yanashindwa kugeuka nao, yanalipiga bamba na kuchuruzika mpaka kwenye bomba la kutolea uchafu. Cha pili ni tangi la chujio baada ya hita, lenye tabaka za makaa ya koki na madodoki, haya haya ya kuogea. Meli za mvuke nazo zilitumia madodoki kwa kazi hiyo. Vizuizi vyote viwili vina sharti moja, visafishwe. Bomba la kutolea likiziba, kitenganishi kinajaa oili na kuanza kuirudisha kwenye mvuke. Madodoki yakishiba mafuta, hayachuji tena.

Haya yote nilifundishwa. Sitaki mtu aseme nilikuwa kijana sikujua. Palikuwa na fundi mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za mvuke za ziwani, na katika meli suala hili ni la kufa na kupona, kwa kuwa maji yale yale huzunguka toka boila kwenda injini na kurudi boila. Siku moja alichota maji safi kwenye bakuli aliloliosha kwa majivu na kulisuuza mara nyingi. Akachukua kipande cha kafuri, akakikwangua kwa kisu, vumbi lake likaanguka juu ya maji. Vile vipande vikaanza kukimbia, kuzunguka, kugongana, kila kimoja na njia yake. Kisha akapitisha sindano kwenye nywele zake, akaichovya ncha pembeni mwa bakuli. Kafuri yote ikasimama.

"Umeona?" akaniambia. "Mafuta yale huwezi kuyaona wala kuyapima kwa mizani yako. Kafuri imeyaona."

Baadaye nilisoma kwamba Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza, alilipima jambo hilo hilo mwaka 1890, akakuta utando wa mafuta wenye unene wa takriban sehemu 1.6 tu za milioni ya milimita unatosha kuisimamisha kafuri. Fundi mzee hakumtaja Rayleigh. Alinipa mfuko wa kafuri na kuniagiza niyapime maji ya hita kila zamu.

Nilifanya hivyo kwa muda. Baadaye nikaona inatosha kuyatazama maji kwenye chupa. Maabara walipima sukari kila saa kwa alfa-naftoli na asidi ya salfuriki, wakitafuta lile duara la zambarau, kwa sababu sukari ikiingia kwenye boila nayo ni balaa. Mafuta hakuna aliyeyapima. Hiyo ilikuwa kazi yangu, na katika daftari la zamu palikuwa na safu yake, ambamo niliandika neno moja, "safi", na kutia sahihi.

Msimu ulipofika kileleni, matrekta ya miwa yalipanga foleni mpaka barabarani. Injini ikaanza kulia, mlio mkavu wa chuma kinachosuguana, nami nikalegeza skrubu ya oili. Ikatulia kidogo, ikalia tena, nikalegeza tena. Kilichotakiwa ni kuisimamisha, kuifungua silinda na kutazama ringi za pistoni. Meneja hakutaka kusikia habari ya kusimama, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kumpelekea habari hiyo. Oili yote ile ikaenda kwenye kitenganishi, bomba lake la kutolea likaziba kwa ute mweusi, ekzosi ikabanwa, injini ikapoteza nguvu, kinu kikaanza kukwama na miwa katikati ya roli.

Kando ya kitenganishi palikuwa na bomba la mchepuko lenye valvu, lililowekwa kwa ajili ya siku za usafi, injini ikiwa imesimama. Usiku ule niliifungua. Mvuke ukakipita kitenganishi ukaingia moja kwa moja kwenye hita, na oili yake yote. Kinu kikashika kasi. Wenzangu walinipongeza, na nilifurahi kupongezwa. Nilijiambia nitaifunga asubuhi. Asubuhi foleni ilikuwa ndefu zaidi.

Nilichukua chupa ya maji ya hita. Yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Madodoki kwenye tangi yalikuwa yamelowa grisi kiasi kwamba ukiyakamua yanateleza mkononi. Nikaandika "safi". Niliandika hivyo zamu baada ya zamu, valvu ikiwa wazi, na mfuko wa kafuri ukiwa umening'inia msumarini juu ya meza yangu.

Mafuta ndani ya boila hufanya hivi. Chembe zake hushikana na tope la chokaa lililomo majini mpaka zinakuwa na uzito wa maji, zinatembea yanakotembea. Moto ukipunguzwa na maji yakitulia, zinatua. Sehemu ya kwanza ya kutua katika boila ya Lancashire ni mgongo wa tanuri, palepale moto unapopiga kwa nguvu zaidi. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mafuta. Boila yetu ilikuwa ya ratili 120 kwa inchi ya mraba, na kwa shinikizo hilo maji huchemka kwenye nyuzi 177 hivi, kwa hiyo chuma kilicho safi hukaa karibu na hapo hata kikilambwa na miali, kwa sababu maji yanakipokonya joto. Weka juu yake nusu milimita tu ya mafuta yaliyoungua, na chuma kinaweza kupanda kwa mamia ya nyuzi. Kikipita nyuzi 500 nguvu zake zinaporomoka, na huku shinikizo la mvuke linakikandamiza mfululizo.

Tulizima Jumapili. Jumatatu moto ulipokolezwa, mchochea moto alifungua mlango wa tanuri la kushoto ili atupe makapi, akaliona paa limeshuka. Uvimbe mpana ulikuwa umening'inia juu ya moto, umeiva rangi nyekundu ya giza. Alifanya kila linalotakiwa. Alitazama kioo, akapima na koki za kupimia maji, akaona maji yapo. Akaukokota moto wote nje kwa mikono yake mwenyewe, kwenye joto ambalo wengine walilikimbia, akatupigia kelele tuondoke. Chuma hakikupasuka. Kama kingepasuka, tungezikwa wengi siku ile, na mimi nikiwa mmoja wao.

Paa la tanuri likivimba, neno la kwanza la kila mtu ni maji kupungua, na meneja alilisema kabla hajafika kwenye boila. Mchochea moto akajibu kwamba maji yalikuwa nusu ya kioo. Akawaonyesha plagi ya risasi iliyo juu ya tanuri, ile inayoyeyuka maji yakishuka chini ya mgongo wake. Ilikuwa nzima. Wakamwambia plagi ni kuukuu, imezibwa na magamba, ndiyo maana haikuyeyuka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Plagi ile niliibadilisha mwenyewe kabla ya msimu kuanza, na sikufungua mdomo.

Boila ilipopoa niliingia ndani kupitia tundu la juu, na taa na kikwanguo. Mgongo wa tanuri, juu ya uvimbe, ulikuwa na gamba jeusi linalong'aa, gumu chini na laini juu. Nilipolikwaruza kwa ukucha liliacha alama, na mkono wangu ukanuka oili iliyoungua. Ushahidi wote ulikuwa pale, na mkaguzi wa boila alikuwa njiani. Nilichukua kikwanguo nikaliondoa lote, nikasugua mpaka chuma kikabaki kitupu, nikatoa uchafu kwenye ndoo na kuumwaga kwenye mtaro wa majivu. Kisha nikarudi kwenye injini nikaifunga valvu ya mchepuko. Mkaguzi aliandika kwamba chuma kilipata joto kupita kiasi, na kwa kuwa upande wa maji ulikuwa safi, chanzo kinachoelekea ni upungufu wa maji.

Mtu anaweza kusema kosa langu lilikuwa valvu. Hapana. Valvu ilikuwa uzembe na woga. Kosa langu ni kile kikwanguo.

Yule mchochea moto aliondoka siku chache baadaye, bila barua ya kumsaidia kupata kazi kwingine. Mchochea moto aliyesemwa ameikausha boila hapokelewi popote. Nilisikia alirudi kulima.

Nami nilitengeneza kila kitu, tena vizuri. Tuliichemsha boila ya pili kwa magadi, moto mdogo, tukipuliza utando wa juu kila baada ya saa kadhaa mpaka maji yakaacha kutoa mafuta. Kitenganishi nilikifungua na kukisafisha kila wiki. Maji yaliyogoma kuachana na oili niliyatia shabu na magadi kidogo kabla ya chujio. Vile vibonge vyeupe vinavyojitengeneza huzikusanya chembe za mafuta, na chujio linavikamata. Oili ya silinda nilibadilisha, nikachukua yenye shahamu kidogo. Kafuri niliipima kila zamu, na vijana walionifuata niliwafundisha kwa bakuli lile lile. Walidhani ni bidii. Sikumwambia hata mmoja wao nilikojifunza gharama yake.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa yule mchochea moto. Yeye alikuwa amekwisha kufariki. Mwanawe mkubwa alinipokea, akaniamkia, "Shikamoo, baba," nami marahaba haikunitoka. Nilimweleza yote, mpaka ndoo na mtaro wa majivu. Alisikiliza bila kunikatiza. Akasema baba yake aliwaambia hadi mwisho kwamba maji yalikuwepo, na kwamba mama yao peke yake ndiye aliyemwamini moja kwa moja. Wao watoto walikuwa wakinyamaza tu. Akaniomba niyaandike, yasomwe na watu wa pale kijijini waliomwita mzee wake mzembe. Kisha akaniuliza kwa nini sikusema siku ile ile. Nilimjibu kwamba nafasi ya fundi mkuu ilikuwa inakaribia kutangazwa, nami niliitaka, na niliipata.