Steringi Anayemkamata Mwanawe

Zipo familia nchini Marekani zinazotengeneza filamu kwa namna ambayo familia za kwetu hulima shamba: kila mwenye mikono miwili ana kazi yake. Baba huandika muswada na kuongoza. Mama hushona magauni marefu ya karne ya 19 na kuhakikisha waigizaji wamekula. Kijana mkubwa hushika kamera, dada yake huhariri picha usiku, na kitindamimba hushika kamba ya farasi mpaka aitwe. Mtaji hutoka katika akiba ya nyumbani, kwa waumini wenzao, na kwa jirani mwenye mifugo anayewaazima uwanda wake. Hadithi wanayoisimulia ni ya kauboi: nyika, vumbi, mji mdogo ambao sheria haijaufikia. Ndani ya hadithi hiyo hupanda toba, msamaha na sala.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini mtu anayefundisha siasa apoteze muda wake kwa filamu za namna hiyo. Ni swali halali. Nilimjibu kwamba nani anasimulia hadithi ya jamii, kwa fedha ya nani, na anathubutu kumhukumu nani ndani ya hadithi hiyo, ni mambo ya siasa hata kama hakuna mwanasiasa hata mmoja kwenye picha. Makala hii ni jibu langu refu zaidi.

Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 tuliifahamu Magharibi ya Marekani kabla hatujaifahamu vizuri ramani ya Afrika. Katika kibanda cha video cha mtaani kwetu, tukiwa tumebanana juu ya mabenchi ya mbao, tulimtazama Terence Hill katika They Call Me Trinity, filamu ya mwaka 1970 ambayo sisi tuliiita “Trinity” tu. Tulikuwa na kanuni moja isiyohojiwa: steringi hafi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Terence Hill ni Mwitaliano aliyezaliwa Venice, jina lake la asili Mario Girotti, na kwamba jangwa tuliloliona katika filamu za Sergio Leone lilikuwa kwa sehemu kubwa Almería, kusini mwa Hispania. Huko Kongo nako, vijana wa Léopoldville ya miaka ya 1950 walijiita Bills kwa kumfuata Buffalo Bill, wakavaa kikauboi na kuzua lugha yao ya mitaani iliyoitwa Hindubill. Magharibi, basi, ilikwisha kuwa mali ya kila aliyeweza kuisimulia. Waitaliano waliisimulia Hispania, vijana wa Kongo wakaisimulia kwa mavazi na maneno. Familia ya walokole yenye kamera moja haina sababu ya kuomba ruhusa kwa Hollywood.

Kwa mwenye mfuko mwembamba, hadithi ya kauboi ina faida zake. Jua ni taa isiyolipiwa. Uwanda ni jukwaa ambalo halihitaji fundi seremala. Kibanda kimoja cha magogo huweza kuwa nyumba ya mjane leo na kituo cha polisi kesho. Lakini ina ugumu wake pia: nguzo moja ya umeme ikionekana nyuma ya farasi, karne nzima imeporomoka, ndege ikipita angani, mazungumzo yanarudiwa upya, na farasi, tofauti na mwigizaji, hasomi muswada. Mambo haya ndiyo yanayoifanya familia kuwa taasisi inayofaa kwa kazi hiyo. Subira ya kurudia tukio moja mara kumi bila malipo ya ziada hupatikana kwa ndugu kabla ya kupatikana kwa vibarua.

Mfano maarufu zaidi wa filamu za imani zilizozaliwa katika undugu hauna farasi wala bunduki za kauboi. Ni wa Alex na Stephen Kendrick, ndugu waliokuwa watumishi katika Kanisa la Sherwood Baptist, mjini Albany, jimbo la Georgia. Mwaka 2003 walitoa Flywheel kwa takribani dola 20,000, wakitumia waumini wa kujitolea kama waigizaji. Mwaka 2006 walitoa Facing the Giants kwa takribani dola 100,000, nayo ikaingiza zaidi ya dola milioni 10. Fireproof ya mwaka 2008 iligharimu takribani dola 500,000 na kuingiza zaidi ya milioni 33. Kufikia War Room, mwaka 2015, gharama zilikuwa dola milioni 3 na mapato yakapita milioni 70. Wanafunzi wangu husikia tarakimu hizi wakashangilia faida. Mimi hutaka waitazame ile namba ya kwanza, dola 20,000, kwa sababu ndiyo inayotufaa. Ni fedha ambayo kundi la watu wenye nia moja linaweza kuichanga bila kumpigia magoti mfadhili, mfanyabiashara au chama.

Hapo ndipo neno kujitegemea, ambalo kizazi chetu kimelirithi kutoka Azimio la Arusha la mwaka 1967 na kulizoea mpaka limechuja rangi, linapopata maana tena. Anayejigharimia hadithi yake ana uhuru wa kusema asiloweza kusema aliyelipiwa. Swali ni iwapo atautumia uhuru huo.

Zilinganisheni filamu mbili za mwanzo za akina Kendrick. Steringi wa Flywheel ni muuzaji wa magari yaliyotumika ambaye huwapunja wateja wake, na hata mchungaji wake hamwachi. Toba yake haiishii madhabahuni. Inambidi awarudishie watu fedha zao. Hii ni filamu ya waumini inayomshika muumini mkono uleule alioufisha mfukoni mwa jirani. Katika Facing the Giants mambo yamegeuka. Kocha anamkabidhi Mungu timu yake, na baada ya hapo timu inashinda, anapata gari jipya, na mkewe aliyekuwa hapati mimba anapata. Imani ya wasanii hao siitilii shaka. Lakini sisi tunaoishi katika miji iliyojaa mabango ya mafuta ya upako tunaijua hadithi hiyo na tunajua inawaacha wapi wale ambao gari halikuja. Filamu ya kwanza ilimdai muumini haki. Ya pili ilimwahidi mavuno.

Turudi kwa makauboi. Mwaka 2003 pia ilitoka Love Comes Softly, iliyoongozwa na Michael Landon Jr. kutokana na riwaya ya Janette Oke. Huyu ni mtoto wa Michael Landon, aliyekuwa baba wa familia katika Little House on the Prairie, tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 1974. Kwa hiyo kazi ya kusimulia familia za nyikani aliikuta nyumbani. Marty, binti aliyefiwa na mumewe wakiwa safarini kwenda magharibi, anakubali kuolewa na Clark, mjane mwenye mtoto wa kike, kwa makubaliano tu ya kuvuka majira ya baridi. Upendo unakuja polepole, kupitia kazi, ukimya na sala za mwanamume asiyependa kelele. Niliitazama filamu hii na mke wangu, naye akasema ni mara ya kwanza kumwona kauboi anayefua nguo. Nilicheka, lakini ni uhakiki mzuri kuliko mwingi niliousoma. Imani pale imeshushwa toka mawinguni ikawa kazi za mikono.

Pamoja na uzuri huo, kuna kimya kinachonisumbua katika filamu nyingi za namna hii. Ardhi huonekana tupu, kana kwamba Mungu aliikunjua asubuhi ile ile mkokoteni wa kwanza ulipofika. Sheria ya Makazi ya mwaka 1862 iliwagawia walowezi ekari 160 kila mmoja, na ekari hizo zilikuwa na wenyewe, wale ambao utotoni tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu. Disemba 29, 1890, huko Wounded Knee, wanajeshi waliwaua Walakota kwa mamia, wakiwemo wanawake na watoto. Familia inayosali mezani katika uwanda huo inasali juu ya kaburi. Sisemi filamu ya imani iache kusali. Nasema sala isiyojua imepigiwa magoti juu ya udongo wa nani ina upungufu. Nasi tuliofuatilia habari za Loliondo mwaka 2022, kilomita za mraba 1,500 zilipowekewa mipaka na wafugaji wakalia, hatuna nafasi ya kuwacheka Wamarekani kwa usahaulifu wao.

Kama ningeombwa kuipa familia hizo hadithi moja, ningewapa ya Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa mwaka 1838, jimboni Arkansas. Alitoroka utumwani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, akaishi miongoni mwa wenyeji asilia na kujifunza lugha zao. Mwaka 1875 akaajiriwa kuwa afisa wa sheria wa serikali kuu, akifanya kazi katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Hakujua kusoma, hati za kukamata watu alisomewa, akazihifadhi kichwani. Wanahistoria hukadiria kwamba takribani kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, na bado mimi nilimaliza utoto wangu kibandani bila kumwona hata mmoja akiwa steringi. Tamthilia ya televisheni yenye jina lake ilikuja mwaka 2023.

Lakini si rangi yake peke yake inayonivuta. Mwaka 1902 mwanawe, Bennie, alimuua mkewe. Hati ya kumkamata ikatoka. Maafisa wengine walisita, na mzee akaichukua mwenyewe. Akamfuata mwanawe, akamleta mbele ya sheria, na kijana akahukumiwa kifungo cha maisha.

Hapo ndipo imani, familia na sheria hukutana bila kona ya kujificha. Wahenga wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini sidhani kama wengi wetu tumewahi kuupeleka usemi huo mpaka kwenye hati ya kukamata. Watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu mnajua ninachozungumzia. Mnajua faili linalolala kwa sababu jina la ukoo linafahamika. Mnajua zabuni inayomfuata shemeji nyumbani, na nafasi ya kazi iliyokwisha kujazwa kabla tangazo halijabandikwa. Kwetu undugu umekuwa mahali pa kujificha sheria isikuone. Katika hadithi ya Reeves, undugu ndio unaombebesha baba mzigo wa kwenda mwenyewe.

Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kwa filamu yoyote ya familia inayojitangaza kuwa ya imani, iwe ya Georgia au ya Nigeria, ambako Mike Bamiloye alianzisha huduma ya Mount Zion mwaka 1985 na sasa anatengeneza filamu pamoja na mkewe na watoto wao. Je, inamkamata mwanawe? Kumkamata jambazi aliyetoka mbali, mwenye kovu usoni na kofia nyeusi, hakuhitaji imani. Hata sisi wa mabenchi ya mbao tuliweza. Inahitajika imani kumwonyesha mzee wa kanisa anayepunja mizani, au sheikh anayenyamaza kwa sababu ya bahasha, kisha kuipeleka filamu hiyo kwa watu walewale waliochangia mtaji.

Kwa vijana wetu wanaotaka kujaribu, sitawadanganya kwamba njia ni nyeupe. Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inadai kibali kabla kamera haijawashwa, na mwenye mtaji wa mchango huumizwa na urasimu kuliko mwenye kampuni. Naamini watunga sheria wangetenda haki kwa kutofautisha familia yenye kamera moja na mtayarishaji wa mamilioni. Hata hivyo mtindo wenyewe hatuhitaji kuuagiza nje. Kwaya zetu zimeufanya kwa miongo: wanachanga, wanashona sare, wanamlipa mpiga picha, wanarekodi ufukweni au kwenye bustani ya mtu, na mkanda unafika mpaka vijijini.

Wala hatuhitaji kofia pana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora, wakiwa wamechoshwa na wezi wa ng'ombe na ujambazi, waliunda sungusungu, wakalinda vijiji kwa pinde, mishale na filimbi. Mifugo, nyika, dola iliyo mbali, watu wanaojitungia sheria: hiyo ni hadithi kamili, na ni yetu. Sehemu yake nyingine pia ni yetu, kwamba baadhi ya makundi hayo yaliwageukia waliotuhumiwa uchawi. Familia ya Kahama itakayoisimulia kwa imani itabidi isimulie zote mbili, huku babu aliyekuwa na upinde akiwa hai, ameketi mstari wa mbele siku ya uzinduzi. Ningelipa kiingilio kwenda kuiona, na ningependa kumtazama yule babu kuliko kutazama pazia.