Kuunganisha hifadhidata na orodha za SharePoint: kosa langu la mistari 100

Leo nina kisa cha aibu kidogo. Nimechelewa kukiandika kwa sababu mkosaji ndani yake ni mimi mwenyewe.

Mwezi Agosti 2024 nilikuwa nafanya kazi ya chama kimoja cha ushirika cha wafugaji. Maziwa yakishapimwa asubuhi, kilo za kila mfugaji huingizwa kwenye hifadhidata ya SQL Server, ambayo iko kwenye kompyuta ya ofisi kuu. Makarani wa vituoni hawaifikii. Wao wana simu, na kwenye simu wana orodha ya SharePoint. Kazi niliyopewa ilionekana rahisi: kilo zilizo kwenye hifadhidata zionekane kwenye orodha.

Zamani kulikuwa na njia safi ya kufanya hivi. SharePoint ya 2007 ilikuja na kitu kilichoitwa Business Data Catalog, na kwenye toleo la 2010 kikaboreshwa na kupewa jina la Business Connectivity Services. Ulikuwa unatengeneza orodha ambayo haina data yake yenyewe. Ilikuwa kama dirisha tu: ukiifungua, inakwenda kuuliza hifadhidata na kukuletea jibu la wakati huo. Lakini Microsoft walikuwa wameshatangaza kwamba huduma hiyo ingefungwa kwenye SharePoint ya mtandaoni Septemba 2024. Nani anajenga nyumba anayojua itabomolewa mwezi ujao?

Basi nikatumia Power Automate. Kwenye kompyuta ya ofisi niliweka programu ya Microsoft inayoitwa lango la data. Uzuri wake ni kwamba lango lenyewe ndilo linalopiga hodi nje kwenda kwenye wingu, kwa hivyo huhitaji kuifungulia dunia nzima mlango namba 1433 wa SQL Server. Tafadhali usiufungue mlango huo, hata kwa siku moja ya majaribio. Kumbuka pia kwamba kiunganishi cha SQL hakimo kwenye leseni ya kawaida. Unalipia zaidi, kwa hivyo mwambie mteja mapema.

Mpango wangu ulikuwa huu. Kila usiku saa nane, programu isome wafugaji wote kutoka kwenye hifadhidata. Kisha isome orodha. Namba ya mfugaji ikiwa imo, ibadilishe kilo zake. Ikiwa haimo, iongeze mstari mpya. Nilijaribu na wafugaji 60, ikafanya kazi vizuri sana. Nikawasha kwa wote 1,200, nikanywa chai, nikasahau.

Asubuhi ya tarehe 12 simu ikalia. Alikuwa karani wa kituo kimoja, mama mtu mzima.

"Kijana wangu, hii mashine yako ina nini? Nina mama hapa anataka pesa za mapema alipe karo. Mashine inasema ana kilo 38. Yeye anasema analeta maziwa kila siku, na mimi mwenyewe namwona."

Niliangalia hifadhidata. Mama yule alikuwa na kilo 149. Nikafungua orodha, nikamtafuta kwa namba yake. Alikuwa na mistari 9! Wa juu kabisa ulikuwa wa usiku wa kwanza, kilo 38. Orodha nzima ya wafugaji 1,200 ilikuwa imefika mistari 10,000.

Mwaona kosa liko wapi? Ile hatua ya kusoma orodha ya SharePoint, usipoiambia vingine, inaleta mistari 100 tu. Hailalamiki wala haitoi onyo. Kwa hivyo wafugaji 100 wa kwanza walibadilishiwa kilo vizuri kila usiku, na wale 1,100 waliobaki programu iliwaona kama wageni ikawaongeza upya. Majaribio yangu ya watu 60 yasingeweza kulionyesha kosa hilo.

Nilimwomba karani ampe mama yule simu, nikamwomba radhi. Alinijibu kwa upole kuliko nilivyostahili: "Mwanangu, mimi sijui kompyuta, lakini maziwa yangu nayajua." Ofisi kuu ikamlipa siku hiyo hiyo. Lakini tayari alikuwa amesimama mbele ya majirani zake akionekana mwongo, na hilo sikuwa na namna ya kulirekebisha kwa programu.

Haya ndiyo niliyobadilisha:

1. Siisomi tena orodha nzima. Kwa kila mfugaji nachuja kwa namba yake, nikitarajia mstari mmoja au hakuna.

2. Safu ya namba ya mfugaji nimeiwekea faharasa na sharti la kutorudiwa. Ningefanya hivi tangu mwanzo, usiku wa pili programu ingegoma kwa kelele na mimi ningeletewa barua pepe. Afadhali programu inayogoma kuliko inayodanganya.

3. Makarani wanaweza kuisoma orodha, hawawezi kuibadilisha. Ukweli uko mahali pamoja tu, kwenye hifadhidata. Akaunti inayotumiwa na lango nayo inaruhusiwa kusoma tu.

4. Nimeongeza safu inayosema kilo hizi zimenakiliwa lini.

Ile namba 4 ndiyo ndogo kuliko zote, lakini karani anaipenda kuliko zote. Orodha ya zamani ilikuwa dirisha, hii ni picha. Mtu akikupa picha, jambo la kwanza unalomuuliza ni ilipigwa lini.

Ukijaribu kitu kama hiki, tafadhali jaribu na mistari zaidi ya 100. Haya, tuonane wakati mwingine.